Shamba la Kokoa Lisifagiwe Kama Uwanja

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika, Kyela)



Tumepokea maombi kutoka sharika kadhaa, na mengi yanaomba kitu kimoja, yaani pampu za kupulizia na dawa za kuua wadudu wa kokoa. Sababu mliyoitoa tunaielewa. Maua ni mengi, matunda ni machache. Tena tangu mwaka 2024, bei ya kokoa katika soko la dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, kila mtu anautazama mti wake kwa jicho jingine, hata kama bei hiyo ilishuka baadaye. Kabla ya kuyajibu maombi hayo, tunaomba tuangalie pamoja ni nani hasa wanaofanya kazi katika shamba la kokoa, maana mwenye shamba hayuko peke yake.

Ua la kokoa mnalijua. Hutoka kwenye shina na kwenye matawi makubwa, nalo ni dogo, upana wake kama sentimita moja na nusu. Chavua yake inanata, hivyo upepo hauwezi kuibeba. Wanaoibeba zaidi ni vidudu vyenye mabawa ambavyo urefu wake ni milimita 1 hadi 3 tu, vidogo kuliko mbu. Katika mada hii tutaviita visubi vya kokoa. Ua lisipofikiwa na chavua ndani ya siku moja au mbili, hudondoka. Aidha, miti mingi ya kokoa haikubali chavua yake yenyewe. Inataka ya mti mwingine. Ndiyo maana katika maua 100, yanayofunga tunda mara nyingi hayafiki 5.

Sasa, visubi hivi vinazaliwa wapi? Katika uchafu. Vinataga mayai kwenye vitu vinavyooza vyenye unyevu na kivuli: shina la mgomba lililokatwa na kuachwa chini, maganda ya kokoa, majani yaliyoanguka na kurundikana. Mzee wetu wa Kinyakyusa aliyepanda kokoa katikati ya migomba alitafuta kivuli na ndizi za nyumbani, lakini bila kujua alikuwa anafuga pia wabeba chavua.

Hapa inatupasa kukiri kosa letu. Katika mafunzo yetu ya miaka ya nyuma tulisifu shamba safi. Tuliwapeleka wageni kwenye shamba lililofagiwa hadi udongo ukaonekana, maganda yamechomwa na migomba imepunguzwa ili kokoa ipate nafasi, tukapiga na picha. Nia ilikuwa njema. Lakini tulikuwa tunavunja nyumba ya visubi, kisha tunashangaa maua yanadondoka.

Kuna mjumbe ataguna kusikia habari ya usubi, na ana haki. Bonde letu na milima ya Rungwe iliyo juu yetu ni eneo la ugonjwa wa usubi unaopofusha macho, na wasambazaji wa dawa vijijini wanawafahamu waathirika kwa majina. Ugonjwa huo, hata hivyo, huenezwa na inzi weusi wadogo ambao viluwiluwi wao hukua kwenye maji yaendayo kasi, kama ya mito yetu iteremkayo kutoka milimani. Visubi vya kokoa ni jamii nyingine, huzaliwa kwenye takataka za shambani, wala havienezi upofu huo. Tafadhali msiende kuchoma migomba inayooza kwa hofu ya ugonjwa wa macho.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelijaribu jambo hili. Huko Costa Rica, katika miaka ya 1980, watafiti waliweka vipande vya shina la mgomba chini ya mikokoa ili visubi vizaliane humo. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa miti iliyowekewa maganda ya kokoa chini yake ilifunga matunda zaidi, na buibui na mijusi wanaokula wadudu nao walipata makazi. Kwa maneno mengine, adui wa wadudu waharibifu anaishi katika rundo lile lile.

Dawa ya kupulizia haichagui. Ikimuua mdudu anayefyonza tunda, inamuua na kisubi, na inawaua majimoto, wale siafu wa mtini wanaotuuma wakati wa kuvuna lakini wanaowafukuza wafyonzaji. Isitoshe, mvua ya Kyela haiachi kitu mahali pake. Kinachopuliziwa shambani kinaweza kuingia Kiwira, Mbaka au Lufilyo, kisha ziwani. Dawa nyingi za jamii ya pairetroidi ni sumu kali kwa samaki, na mbasa hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe majira hayo hayo ya mvua. Watu wa Matema na wa Itungi wasije wakalipia kokoa ya watu wa juu.

Tuseme pia lililo gumu. Si kila ganda liachwe. Tunda lililooza kwa ugonjwa, lile lenye doa jeusi linalosambaa, litolewe shambani na kufukiwa, kwa kuwa ugonjwa huo hupenda unyevu ule ule. Vilevile, matunda yakifungwa mengi mti hukausha baadhi yakiwa machanga, hasa kama udongo umechoka. Visubi peke yao havitoshi. Mbolea ya mboji na upogoaji vinabaki palepale.

Kwa hiyo jibu letu kuhusu pampu ni kwamba tunayasimamisha maombi kwa msimu mmoja. Hatujayatupa. Tunaomba kila usharika uchague mikokoa 20 katika shamba moja. Chini ya 10 wekeni vipande vya mgomba na maganda yasiyo na ugonjwa, mkivifunika kwa majani. 10 nyingine ziacheni kama zilivyo, ziwe mbali kidogo. Kila wiki mbili mhesabu matunda machanga yaliyofungwa na yaliyokauka, mwandike kwenye daftari la kamati. Shamba la mjane au la mzee asiye na nguvu lisichaguliwe kwa kuwa liko karibu na barabara. Lichaguliwe kama mwenyewe amekubali.

Daftari hizo tutazisoma pamoja katika kikao kijacho, na wahisani watapata nakala ya hesabu zote, ziwe nzuri au mbaya. Zikionyesha kwamba tumekosea tena, maombi ya pampu yatakuwa ajenda ya kwanza.