Usinunue Kompyuta ya Gari Kabla ya Kupima Waya

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya utunzaji wa magari ya miradi, mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili



Napenda kuanza kwa kukiri kosa, kwa sababu kosa lenyewe lina saini yangu. Mwaka 2019, wakati wa masika, gari letu la kliniki ya mama na mtoto lilizima njiani na kukataa kuwaka. Stata ilizunguka, lakini injini haikushika. Likavutwa hadi gereji. Fundi alifunua boneti, akachungulia, akasema, "Mratibu, kompyuta imekufa." Sikumwuliza amejuaje. Nilisaini malipo ya shilingi 1,850,000, ikanunuliwa kompyuta iliyotumika. Ilipofungwa, gari halikuwaka. Fundi akasema nayo ni mbovu, tukaanza kutafuta nyingine.

Wiki ya sita alikuja fundi umeme wa magari akiwa na mita ndogo ya kupimia umeme. Haikupita saa moja akatuonyesha waya wa ethi unaofungwa kwenye injini. Boliti yake ilikuwa imeliwa na kutu. Alisugua mahali pale kwa brashi ya chuma, akabadilisha boliti na kichwa cha waya, akarudisha kompyuta yetu ya kwanza, ile tuliyokwisha kuitangazia msiba. Gari likawaka.

Katika wiki zile sita safari za kliniki zilisimama. Akina mama walifika chini ya mwembe siku ya kliniki, wakasubiri hadi mchana, wakarudi nyumbani na watoto ambao hawakuchanjwa. Fedha zile zilitokana na sadaka na michango yenu. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika "matengenezo ya gari". Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini hayakuwa ukweli wote. Ndiyo maana nasimama leo.

Kompyuta ya injini ni nini?

Ni kisanduku ambacho mafundi wengi hukiita kontroli boksi. Hupokea habari kutoka kwenye sensa: mzunguko wa injini, joto la maji, hewa inayoingia, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Kwa habari hizo huamua mafuta yanyunyizwe lini na kwa kiasi gani, na kwa injini za petroli huamua plagi zipige cheche wakati gani. Ili ifanye kazi inahitaji umeme wa betri, ethi nzuri, na nyaya nzima. Kimoja kikikosekana, itaonekana imekufa, kama vile redio isiyo na betri inavyonyamaza.

Tupime kwa utaratibu gani?

Kwanza, betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikiwaka, kwa kawaida isome kati ya volti 13.5 na 14.7. Betri dhaifu huifanya kompyuta nzima itoe habari za ajabu.

Pili, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta haipati umeme. Kagua fyuzi zake na relei yake kabla ya kuilaumu.

Tatu, pima ethi. Waya mmoja wa mita uwe kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye tundu la ethi la kompyuta, huku stata ikizungushwa. Mita isome karibu na sifuri. Ikivuka volti 0.2, tafuta kutu au boliti iliyolegea. Hapa ndipo shilingi zetu 1,850,000 zilipopotelea.

Nne, unganisha mashine ya kusomea hitilafu. Marekani iliyataka magari madogo yote mapya kuwa na mfumo wa namna moja wa kujipima kuanzia toleo la 1996, na soketi yake ina matundu 16. Magari mengi ya miaka ya karibuni tunayotumia huku yana soketi hiyo chini ya usukani. Namba P0606 maana yake kompyuta inalalamika kuhusu ubongo wake yenyewe. U0100 maana yake vifaa vingine vya gari haviisikii kompyuta ya injini. Hata hivyo, namba hizo si hukumu. Waya uliokatwa na panya unaweza kuleta U0100.

Tano, pima umeme ambao kompyuta huzigawia sensa. Kwa kawaida ni volti 5. Ukikosekana, chomoa sensa moja moja. Sensa moja iliyoungua ndani inaweza kuvuta umeme wote chini, ikaifanya kompyuta nzima ionekane marehemu. Ukichomoa sensa fulani na volti 5 zikarudi, umempata mkosaji, naye ana bei ndogo zaidi.

Ndugu zangu, kompyuta hufa kweli. Mwaka 2022 gari letu jingine lilichomelewa chesisi bila kuchomoa betri, na tangu siku hiyo halikuwaka. Safari hii tulipima. Betri nzuri, fyuzi nzima, ethi safi, nyaya zote zikapimwa mwanzo hadi mwisho. Sensa zote zilichomolewa, bado volti 5 hazikupatikana, na mashine haikupata jibu lolote. Hapo tu ndipo niliposaini, na saini ile hainisumbui usingizi.

Inapobidi kubadilisha

Soma namba iliyobandikwa kwenye kompyuta ya zamani na uilinganishe na ile unayonunua, tarakimu kwa tarakimu. Umbo na soketi kufanana hakutoshi. Gari lenye kinga ya wizi kwenye ufunguo linaweza kukataa kuwaka mpaka kompyuta na funguo zitambulishwe, na kompyuta nyingi mpya huhitaji kuwekewa programu ya gari husika. Kwa hiyo uliza mapema ni nani atakayefanya kazi hiyo, na kwa bei gani.

Wakati wa kufunga, chomoa hasi ya betri kwanza. Fundi aguse chuma cha gari kabla ya kushika kompyuta, ili umeme wa mwilini usiidhuru, na asiguse pini zake kwa vidole. Baada ya kufunga, futa namba za zamani, endesha gari, kisha soma tena. Zaidi ya yote, tafuta kilichoiua ya kwanza. Kama ni maji yanayovuja kutoka kwenye kioo cha mbele, au waya unaogusa chuma, kompyuta mpya itaifuata ile ya zamani kaburini.

Mapendekezo yangu

Kwa kamati za sharika: msiidhinishe ununuzi wa kompyuta ya gari bila karatasi ya vipimo. Iandikwe volti ya betri, hali ya ethi, namba zilizosomwa, na jina la aliyepima. Si lazima mjumbe awe fundi. Inatosha aulize, "Umejuaje?" Fundi mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Kwa madereva: gari lisichomelewe kabla betri haijachomolewa. Mnapoazima umeme kutoka gari jingine, hakikisheni chanya imekwenda kwa chanya. Na injini isioshwe kwa maji ya nguvu.

Kwa wafadhili wetu: bajeti nyingi zina kifungu cha vipuri, lakini hazina kifungu cha upimaji. Tunaomba kiwepo. Malipo ya fundi umeme kwa siku moja na mashine moja ya kusomea hitilafu ni fedha ndogo mno ukilinganisha na kompyuta isiyohitajika.

Kwa upande wangu, nimeiandika upya taarifa ile ya 2019, nikaeleza kilichotokea. Nakala ziko pale mezani, karibuni mchukue. Uwakili si kutokukosea kamwe. Ni kuweka hesabu wazi ili kosa lisirudiwe na mwingine.

Gari la kliniki bado liko barabarani, na akina mama wanalijua kwa mlio wake. Tulitunze.