Elfi Weusi au Elfi wa Mapangoni?



Katika sanaa ya njozi na michezo ya kuigiza wahusika, elfi waishio chini ya ardhi huvikwa mara nyingine deraya na maadili ya samurai. Mtafsiri anayewaleta wahusika hao kwa msomaji wa Bariadi hukabiliwa na matatizo mawili ya istilahi.

La kwanza ni jepesi: jina hilo likiishia na irabu u hugongana na elfu, yaani mia kumi. Afadhali elfi. La pili ni zito. Mchezo wa Dungeons & Dragons uliwaleta drow mwaka 1978, wenye ngozi nyeusi na tabia ovu. Kuwaita "elfi weusi" ni kumwambia mtoto wa Simiyu kwamba rangi yake ni alama ya uovu. Mwaka 2020 wachapishaji wa mchezo huo wenyewe walikiri kwamba taswira hiyo ilihitaji kurekebishwa.

Ngano za Kisukuma zinaonesha njia. Zimwi Shing'weng'we hukumbukwa kwa tendo lake la kuwameza watu. Masala Kulangwa, aliyeliua, ana jina lenye maana ya akili na kufundishwa. Neno samurai nalo lina asili ya kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kutumikia. Ndiyo maana Yasuke, Mwafrika aliyeingia katika utumishi wa Oda Nobunaga mwaka 1581, alipewa upanga: utumishi ulimtambulisha.

Basi elfi hao na waitwe wa mapangoni. Makazi na matendo yatawaeleza, rangi iachwe.