Banda Kwanza, Nguruwe Baadaye



Hapa Karatu maji ni ya shida. Ndiyo maana tunatandika banda kwa maranda, makapi ya mpunga na udongo. Vijidudu vya udongo huozesha kinyesi. Hatuoshi sakafu, harufu hupungua, na mbolea huenda shambani.

Lakini nguruwe akizurura, hasara ni mbili. Hula kinyesi cha mtu mwenye minyoo ya tegu. Na mtu akimeza mayai ya tegu, anaweza kupata kifafa. Pia jirani zetu Ngorongoro wana ngiri, ambao huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe, isiyo na tiba.

Tunaomba basi: asipewe mtu nguruwe kabla hajajenga banda na choo.