Gari Kuukuu Lataka Jicho la Mwenyewe

Mazungumzo ya fundi mstaafu wa magari mbele ya mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa niseme machache juu ya matunzo ya stesheni wagoni kuukuu, hususan Probox, ambayo imekuwa mguu wa kata hii. Magunia hupanda humo kwenda mnadani, na mgonjwa anapozidiwa usiku, mwenye gari hilo ndiye hugongewa hodi. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, nasi hulipokea likiwa tayari limetumika miaka mingi. Lakini limeundwa kwa namna iliyo rahisi, na mwenyewe aweza kulitunza kwa spana chache, tochi na subira.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimkimbiza mama mjamzito kituo cha afya. Katikati ya mteremko mrefu, pedali ya breki ikazama hadi chini. Nikarudisha gia ndogo, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa barabara. Mama alifika salama kwa gari jingine. Mimi sikupata usingizi.

Asubuhi nilifungua kikopo cha mafuta ya breki. Kilikuwa kimejaa, lakini mafuta yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri unyevu unavyozidi ndivyo yanavyochemka mapema. Breki zikipata moto mteremkoni, hutokea mvuke ndani ya mabomba. Na mvuke hubonyea, hausukumi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitazama kiasi tu, nisitazame hali. Mimi, fundi!

Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu ufuatao, nanyi nawasihi muushike.

Kwanza, oili. Pimeni gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika chache. Futeni kijiti, kichovyeni, kisha kisomeni: oili iwe kati ya alama mbili. Injini ya lita 1.5 ya Probox nyingi za mwanzo huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta mpya. Injini hiyo hutumia cheni badala ya mkanda kuendesha vali, na wengi hudhani cheni haitaki matunzo. Cheni huishi kwa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, cheni hulegea na kupiga kelele.

Pili, rejeta. Msifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, kwani maji hayo huruka na kuunguza uso. Tumieni kipoozeo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo; maji ya kisima huacha magadi na kuleta kutu.

Tatu, filta ya hewa. Kwa vumbi la barabara zetu, itazameni kila wiki wakati wa kiangazi. Iliyoziba huinyima injini pumzi.

Nne, matairi. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka na kupasuka likibebeshwa mzigo. Ujazo wa upepo umeandikwa kwenye kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva.

Ndugu zangu, kuna kazi msizozianza peke yenu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Wekeni stendi imara, zuieni magurudumu kwa vigingi, wala msitegemee tofali, maana hupasuka ghafla. Kubadili mafuta ya breki, ambako kwafaa kufanywa kila baada ya miaka miwili, mpelekeeni fundi aliyesomea. Hewa ikibaki ndani ya mabomba, hatari ni ile ile. Lakini simameni hapo, mwone kinachotoka na kinachoingia.

Oili chafu msiimwage mtaroni. Mtaro huo huishia mtoni, na mtoni ndiko tunakochota. Ihifadhini katika dumu lenye mfuniko, kisha muulize ofisi ya kata mahali pa kuipeleka.

Mwisho, wekeni daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, na kilichofanyika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wangu mimi ulikaribia kujengwa kwa roho mbili zisizo na hatia. Mkifika nyumbani leo, kabla ya chakula, fungueni boneti mtazame kile kikopo.