ASKARI HAKULALA
Maneno waliyoambiwa wanachama wa Riruta Satellite



Tunawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mlioshuka zamu alfajiri hii mkaja moja kwa moja bila kulala. Leo hatutasema habari za mishahara. Tutasema habari za sikio na mkono wa mfanya kazi, maana watu wanapoteza kazi kwa ajili ya hayo.

Wengi wetu wa Riruta Satellite na Kawangware hutoka jioni kwenda kulinda nyumba za Lavington na Kileleshwa. Ndugu yetu mmoja ameletewa barua ajieleze kwa nini alichelewa kupiga kengele wezi walipoingia. Barua inasema alikuwa amelala. Yeye anasema hakulala. Mvua ilikuwa kubwa, bati la kibanda linalia, akasikia kitu kama mguu wa mtu nyuma ya ua. Akangoja asikie tena ndipo apige.

Tukamwuliza, mbona ulingoja? Akajibu kwamba juma lililotangulia alipiga kengele mara mbili, gari la wenzake likaja, wakakuta paka tu. Msimamizi akamkaripia, akamwambia akirudia atakatwa mshahara.

Ndugu, shikeni neno hilo. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba kutambua ishara hafifu si kazi ya jicho au sikio peke yake, bali pia ni kazi ya kuamua. Mlinzi anaweza kukosa kwa njia mbili: kuiacha ishara iliyopo, au kupiga kengele ya bure. Kelele zikiwa nyingi, akijizuia asikosee kwa njia moja, atakosea zaidi kwa ile nyingine. Ukimwadhibu kwa kengele ya bure, umemfundisha kungoja. Kisha ukimwadhibu kwa kungoja, umemwadhibu kwa somo ulilompa wewe mwenyewe.

Jambo la pili ni saa za kazi. Mwaka 1948 mtaalamu wa Uingereza, Norman Mackworth, alitangaza majaribio aliyoyafanya na vijana wa jeshi. Aliwaweka watazame mshale unaozunguka kama wa saa, kwa muda wa saa mbili, waseme kila mara mshale unaporuka hatua mbili badala ya moja. Nusu saa ya kwanza ilipopita, walianza kukosa zaidi. Hao walikuwa vijana wenye afya, wamekaa pakavu. Sisi wengi wetu tunalinda saa kumi na mbili.

Jambo la tatu ni kuchagua. Mwaka 1952 W. E. Hick wa Cambridge aliwapa watu taa na vitufe, kila taa na kitufe chake. Taa zilipoongezeka, muda wa kujibu nao uliongezeka, ingawa watu walijitahidi. Ndugu yetu alikuwa na firimbi, kengele, simu na lango la kulinda, na hakuna aliyemwambia aanze na kipi.

Hatusemi kwamba hakuna askari anayelala. Aliyelala amelala, nasi hatutamtetea kwa uongo. Tunasema kuchelewa si ushahidi wa kulala.

Basi tufanye nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa kazi mbovu, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu. Mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama kazini, aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri lazima awasikilize. Kwa hiyo usiende peke yako, wala usitie sahihi neno usilolifahamu.

Unapojieleza, usiandike tu "naomba msamaha." Andika zamu ilianza saa ngapi na jambo lilitokea saa ngapi. Andika hali ya mvua na taa. Andika umepiga kengele za bure mara ngapi na uliambiwa nini. Andika kama ulipewa amri ya kitu cha kufanya kwanza.

Nasi kama chama tutawadai waajiri mambo mawili: amri moja iliyoandikwa, iseme kipi kwanza na kipi baadaye, na mtu asiadhibiwe kwa kengele aliyoipiga kwa nia njema.

Shauri la ndugu yetu litasikizwa Ijumaa, na mwakilishi wetu atakwenda naye. Tunamhitaji mtu aliyekuwapo juma lile alipokaripiwa kwa sababu ya paka. Kama yumo humu ndani, tafadhali abaki wengine wakitoka.