Kuhama Windows Kwenda Linux

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika kumi tu, kwa hiyo nitasema jambo moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja. Mashine hazikuzimika siku ile. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, na kompyuta isiyozibwa matundu ni nyumba isiyo na komeo. Windows 11 nayo inadai prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba tulizo nazo majumbani hazifikii hapo.

Yangu ni mojawapo. Ina prosesa ya Intel ya mwaka 2015 na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Fundi alinishauri ninunue nyingine, na bei aliyoitaja ilikuwa karo ya mtoto. Nikaamua kuhamia Linux.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, alianza kuandika kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta. Alikitoa hadharani, watu wakisome, wakirekebishe na kukigawa. Kiini hicho ndicho kilichomo katika simu za Android, zikiwemo zile mnazozificha chini ya magodoro.

Uhuru huo si maneno matupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Mimi jambo hili nalithamini kuliko hata ule ubure wake.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza kabisa nakilini picha, barua na masomo yenu yote kwenye diski nyingine, kisha mfungue hiyo diski mhakikishe yamo, kwani usimikaji ukifuta diski ya ndani haurudishi kitu. Mimi nilichagua Linux Mint, maana sura yake haimshangazi mtu aliyezoea Windows. Inaridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali. Inapakuliwa kutoka intaneti, inaandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu, kisha kompyuta inawashwa kwa kutumia flashi hiyo. Hapo mnaweza kuijaribu bila kugusa chochote kilichomo ndani. Kaeni nayo jioni nzima. Jaribuni Wi-Fi, sauti na printa, kwa kuwa baadhi ya kadi za Wi-Fi hutaka programu ya ziada, na printa nyingine hugoma kabisa. Kikigoma kitu, zimeni, toeni flashi, Windows yenu ipo palepale.

Sitawaficha hasara zake. Photoshop haina toleo la Linux, na michezo kadhaa ya kompyuta haikubali. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, lakini mara nyingine jedwali huhama mahali pake; wanangu wakimaliza kazi ya shule huihifadhi kama PDF ndipo wakaichape. Ambaye riziki yake inategemea programu ya Windows pekee, simshauri ahame.

Lakini kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma na kujifunza kutengeneza programu, sioni kwa nini mashine ya nyumbani itupwe stoo.

Nimekuja na flashi tatu. Baada ya chai nitakuwa katika chumba cha Fizikia. Mwenye kompyuta yake ya kubebea na aje nayo, pamoja na chaja, na awe amekwisha kunakili mafaili yake.