Kionga: Kijiji Kilichogawiwa Bila Kuulizwa



Leo tunawaeleza habari za Kionga, kijiji kidogo cha pwani ya Msumbiji, kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma. Kijiji ni kidogo, lakini somo lake ni kubwa.

Zamani Sultani wa Unguja alidai pwani ile kuwa yake. Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana kuwa Ruvuma iwe mpaka wao. Kwa hiyo Kionga ikawa upande wa Mreno. Lakini mwaka 1894 Wadachi walivuka mto wakaichukua. Wakubwa hao wakapatana tena, wakapiga mstari juu ya ramani, digrii 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta. Mkulima hakuweza kuuona mstari huo shambani mwake.

Vita ya Wazungu ikaja. Aprili 1916 Wareno waliingia Kionga, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakawapa iwe yao. Tanganyika ikashikwa na Mwingereza, Kionga ikashikwa na Mreno.

Tunauliza: katika mapatano yote hayo, ni mzee gani wa Kionga aliyeitwa barazani? Hakuna hata mmoja! Na bei ya mstari huo tunaijua. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kionga ilingoja, pamoja na Msumbiji yote, mpaka tarehe 25 Juni 1975, baada ya vita ya miaka kumi.

Je, tudai Kionga irudishwe? La! Mwaka 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika ziliahidi kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya Uhuru. Tunaafiki, maana tukianza kudaiana vijiji, tutamalizana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini kuheshimu mpaka si kumkana ndugu. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Ruvuma. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Na mji wa Palma, jirani ya Kionga, uliposhambuliwa Machi 2021, maelfu walikimbia, na wengine walikimbilia Ruvuma.

Basi, ndugu, mtu akifika mtoni na mtoto mgongoni, tusianze kwa kumwuliza yu wa upande gani. Wakoloni hawakumwuliza alipotaka kuulizwa. Sisi tumwulize kwanza kama amekula.

Uhuru na Umoja!